Miguu ikifa ganzi ghafla: yale niliyoyaona Homa Bay na Migori, na yanayotuhusu Pwani

Mtu wa Pwani akisikia Homa Bay au Migori huwaza omena. Magunia yake yanafika Kongowea kila wiki, na wako mama zetu wanaoishi kwa biashara hiyo. Wengine watakumbuka Kendu Bay, mji wa kando ya ziwa wenye Waislamu wa tangu zamani, ambako ukiingia msikitini unasalimiwa kwa Kiswahili kisichokuwa mbali sana na chetu. Mimi nilipelekwa huko kikazi. Ni afisa wa kliniki, mzaliwa wa Kisauni, na nilifanya kazi miaka kadhaa kwenye vituo vya afya vya kando ya Ziwa Victoria, kwanza upande wa Mbita, kisha Nyatike katika kaunti ya Migori.

Ninayoyaandika hapa yanahusu aina ya magonjwa ambayo vitabu huyaita adimu: kuvimba kwa ubongo na kwa ugwe wa uti wa mgongo. Nayaandika kwa sababu baadhi yake yanatibika vizuri mgonjwa akiwahi. Akichelewa wiki mbili tatu, dawa ni ile ile lakini miguu hairudi.

Kwanza tuelewane maneno. Tukisema uti wa mgongo wengi humaanisha ule mfupa wenyewe. Ndani ya mfupa huo, kama uzi ndani ya tasbihi, unapita ugwe laini wa neva, unene wake kama kidole cha mwisho cha mkono, kutoka kwenye ubongo mpaka karibu na kiuno. Amri zote za kutembea, kushika mkojo na kusikia maumivu hupita humo. Na nikisema kuvimba, sikusudii jipu wala saratani. Nakusudia ule wekundu na joto unaouona pembeni mwa kidonda kipya, ila sasa umetokea mahali pembamba penye mfupa pande zote, pasipo nafasi ya kutanuka. Huweza kuletwa na virusi, bakteria au kimelea. Huweza pia kuletwa na kinga ya mwili yenyewe, pale askari wa nyumba wanapomgeukia mwenye nyumba.

Mgonjwa wa aina hii hutokea hivi. Kijana wa miaka ishirini na kitu, mvuvi, anaanza kuumwa na kiuno. Hashtuki, kwani ni mvuvi gani asiyeumwa na kiuno? Siku mbili tatu baadaye maumivu yanateremka miguuni kama umeme. Kisha nyayo zinakuwa kama anakanyaga pamba. Anaamka asubuhi mkojo hautoki, na tumbo la chini limejaa kama ngoma. Kufikia hapo kwao wameshamnunulia dawa za maumivu dukani, na dawa za malaria, na shangazi mmoja ameshasema ni chira, yaani ugonjwa ambao Wajaluo wanaamini humpata mtu kwa kuvunja miiko. Sisi tusicheke. Kwetu angeambiwa amekanyaga uchawi, au kapigwa na jini la baharini, na angetafutiwa kombe la kunywa kabla ya kutafutiwa gari. Sina ugomvi na dua. Mgonjwa aombewe huku akiwa njiani kwenda hospitali.

Hospitalini nako mambo hayanyooki. Jina la kwanza linaloandikwa mara nyingi ni kiharusi, kwa sababu mtu "amepooza". Na hapa ndipo ninapotaka msomaji akae nami kidogo, maana sehemu hii ya uchunguzi haihitaji mashine yoyote, na hata ndugu wa mgonjwa anaweza kuifuatilia kwa macho yake.

Kiharusi cha kawaida hushika upande mmoja: mkono na mguu wa upande mmoja, na mara nyingi mdomo unakwenda kombo. Ugwe wa mgongo ukivimba, huenda pande zote mbili kwa pamoja, uso hauguswi, na mkojo au choo huingia matatani mapema. Mgonjwa wengi hulalamika kwamba wanahisi kama wamefungwa mshipi mkali tumboni au kifuani. Mshipi huo ni dalili ya thamani kubwa. Daktari mzuri huvunja kijiti kikavu cha kupimia koo, akakigusisha ncha yake taratibu kutoka mguuni kwenda juu, huku akiuliza, "Hapa unasikia kuchomwa au kuguswa tu?" Ikifika mahali mgonjwa akasema ghafla, "Hapo sasa nasikia," pakiwa kitovuni au chini ya chuchu, basi hapo karibu ndipo ugwe ulipokatikiwa na habari. Akigonga goti kwa nyundo ya mpira anapata habari nyingine: miguu inaruka kupita kiasi, au, siku za mwanzo, haijibu kabisa. Kwa kijiti na nyundo mtu wa kituo kidogo cha Muhuru Bay anaweza kusema kwa uhakika mkubwa kwamba tatizo liko kwenye ugwe na liko kimo gani. Nimeona barua za rufaa zilizoandika "mgonjwa amepooza" na hakuna zaidi. Ukiwa ndugu, omba kwa adabu tu kwamba barua iseme: miguu yote miwili, tangu siku gani, mkojo ukoje, na ganzi inaishia wapi. Maneno hayo manne yanaweza kumsogeza mgonjwa kwenye foleni.

Uko pia ugonjwa unaofanana na huu lakini si wa ugwe, unaitwa Guillain-Barré, ambapo neva zinazotoka nje ya ugwe ndizo zinazoshambuliwa. Huo hupanda kutoka miguuni kwenda mikononi na unaweza kufika kwenye misuli ya kupumua. Ganzi yake haina mshipi. Matibabu yake ni tofauti, kwa hiyo tofauti hiyo si ya kitabuni tu.

Kwa mtoto wa chini ya miaka 15 Kenya ina utaratibu ulio bora kuliko tulio nao sisi watu wazima. Mtoto yeyote ambaye kiungo chake kimelegea ghafla lazima aripotiwe, hata kama daktari ana hakika si polio. Vinachukuliwa vipimo viwili vya choo, vikipishana kwa saa 24 au zaidi, ndani ya siku 14 tangu kulegea, vikapelekwa maabara ya KEMRI Nairobi. Utaratibu huu wa kuwinda polio umekuwa ukivumbua magonjwa mengine pia, kuvimba kwa ugwe kukiwamo. Mtu mzima akilegea miguu hakuna fomu, hakuna simu ya kaunti. Ananyamaziwa na nchi mpaka jamaa zake wapige kelele.

Sasa kwa nini ziwa. Katika kaunti zile mbili daktari ana sababu nzito ya kuanza na magonjwa ya kawaida kabla ya yale adimu. Uchunguzi wa kitaifa wa virusi vya ukimwi wa mwaka 2018 ulikuta karibu mtu mzima mmoja kati ya watano wa Homa Bay akiishi na virusi, asilimia 19.6, na Migori asilimia 13. Kwa hiyo mgonjwa wa ubongo au wa ugwe hupimwa virusi kwanza, halafu hutafutwa kifua kikuu cha mgongo, ambacho hula mfupa na kuubana ugwe, na kuvu iitwayo kriptokokasi, ambayo huleta homa ya uti wa mgongo kwa mtu ambaye kinga imeshuka. Ni sawa kabisa. Kasoro hutokea pale ambapo jibu la kwanza linachukuliwa kuwa jibu la mwisho. Mtu anayetumia dawa zake vizuri, ambaye kinga yake iko juu, akilegea miguu, haitoshi kuandika "ni ile hali yake" na kufunga faili.

Malaria nayo ina hila yake. Kando ya ziwa watu wengi hutembea na vimelea vya malaria kwenye damu bila kuumwa. Akiletwa mtoto amezimia na kipimo kikasoma malaria, kila mtu hupumua, jina limepatikana. Lakini kipimo kimesema tu kwamba vimelea vipo, hakikusema ndivyo vilivyomzimisha. Blantyre, Malawi, watafiti waliwachunguza baada ya kufa watoto 31 waliokuwa wametimiza masharti yote ya malaria ya ubongo. Matokeo yalitoka mwaka 2004: 7 kati yao walikuwa wamekufa kwa sababu nyingine kabisa. Ndiyo maana daktari anayejua kazi yake atatibu malaria mara moja, na bado atataka maji ya mgongo.

Nayo maji ya mgongo ndiyo yanayowatoa watu wodini mbio. Nimeyasikia maneno yale yale Mbita na Kilifi: ukichomwa sindano ya mgongo utapooza, au fulani alichomwa akafa. Fulani huyo kwa kawaida alikuwa anakufa kwa homa ya uti wa mgongo na kipimo kilifanywa wakati umeshapita. Sindano huingizwa chini kabisa kiunoni, mahali ambapo ugwe wenyewe umeshakwisha, zimebaki nyuzi za neva zinazoelea majini na kupisha sindano. Maumivu ya kichwa ya siku chache yanaweza kufuata. Hatari halisi iko pale ambapo kuna uvimbe mkubwa ndani ya kichwa, au damu isiyoganda, na ndiyo sababu daktari huangalia macho kwa taa yake na wakati mwingine hutaka picha ya kichwa kwanza. Maji yenyewe ni matone machache kwenye vichupa vitatu vinne. Maabara huhesabu chembe nyeupe, hupima sukari na protini, hutafuta bakteria, kuvu na kifua kikuu. Chembe nyingi na sukari ya chini huelekeza kwenye bakteria au kifua kikuu. Chembe chache zilizozidi kidogo, sukari ikiwa salama, na wadudu hawaonekani, hapo ndipo akili ianze kufikiria virusi, kimelea, au kinga iliyogeuka.

Tena watu wa ziwa lile wana historia ndefu na maji hayo kuliko sisi. Mwanzoni mwa karne iliyopita malale iliua watu zaidi ya laki mbili kuzunguka Ziwa Victoria, hasa upande wa Uganda. Malale ni kuvimba kwa ubongo kunakoletwa na kimelea cha mbung'o. Wakati ule hapakuwa na aliyejua kisa chake. Mwaka 1902 daktari Mwitaliano, Aldo Castellani, akiwa Entebbe, aliviona vimelea vikiogelea ndani ya maji ya mgongo ya wagonjwa, na mwaka uliofuata David Bruce na wenzake wakauunganisha ugonjwa na mbung'o. Katika kaunti ya Homa Bay malale ilibaki katika Bonde la Lambwe, ilipo leo Hifadhi ya Ruma yenye korongo wale wenye pembe zilizopinda, na mlipuko mwingine ulizuka huko mwaka 1980. Wazee wa Lambwe niliowakuta walikuwa wanajua kwamba malale haipimwi hatua yake bila sindano ya mgongo, maana zaidi ya chembe tano kwenye kipimo, au kimelea chenyewe kuonekana, kulimaanisha ugonjwa umeshaingia kwenye ubongo na dawa ibadilishwe. Dawa hiyo ya zamani ilikuwa na aseniki, na baadhi ya waliotibiwa iliwaua kwa kuwavimbisha ubongo. Mgonjwa wa mwisho aliyeambukizwa na kugunduliwa hapa nchini alikuwa wa mwaka 2009, wasafiri wawili waliambukizwa Maasai Mara mwaka 2012, na Agosti 2025 Shirika la Afya Duniani likathibitisha kwamba Kenya imeikomesha malale kama tatizo la afya ya umma. Siku hizi ipo dawa ya vidonge, feksinidazoli. Sasa madaktari vijana hawajawahi kuuona ugonjwa huo, na mbung'o wako pale pale.

Kilichonishughulisha zaidi kando ya ziwa lakini ni kichocho.

Kwetu kichocho ni mkojo wa damu. Mtoto wa Kwale au wa kando ya Mto Tana anaogelea bwawani, baada ya miezi anakojoa damu, na zamani kulikuwa na watu walioona kwamba kijana wa kiume akikojoa damu ndiyo amekua. Ziwa Victoria lina aina nyingine, kichocho cha tumbo, ambacho konokono wake ni mwingine na mayai yake hutoka kwa choo. Minyoo hukaa kwenye mishipa ya damu ya tumbo na kutaga mayai usiku na mchana. Mengi hutoka, mengine hukwama kwenye ini, na machache hupotea njia, yakapanda mishipa inayounganisha nyonga na mgongo, ambayo haina vali za kuzuia damu kurudi nyuma, yakatua kwenye ncha ya chini ya ugwe. Yai moja halina nguvu ya kumlaza mtu. Kinachomlaza ni hasira ya mwili dhidi ya yai hilo, ule uvimbe unaolizunguka. Kwa hiyo kijana niliyemweleza mwanzo, mwenye kiuno, umeme wa miguuni na mkojo uliokwama, huyo akiwa ni mtu wa ziwa anastahili kuulizwa swali moja ambalo haliulizwi: unaogea wapi?

Aina zote mbili za kichocho zinaweza kufanya hivyo, ya kwetu na ya kwao, ingawa ya tumbo ndiyo inayotajwa zaidi kwenye ugwe. Bahari yetu ya chumvi haina kichocho, mvuvi wa Shimoni asiogope. Ni mabwawa, mito na mashamba ya mpunga.

Kukigundua ni kazi ya kukusanya ushahidi, kama kesi isiyokuwa na shahidi wa macho. Hakuna anayekata kipande cha ugwe kwenda kutafuta yai, isipokuwa pale ambapo madaktari wa upasuaji waliingia wakidhani ni saratani. Unatazama choo na mkojo kwa darubini, na choo kisipoonyesha yai si hoja, maana mgonjwa wa ugwe huwa na minyoo michache mara nyingi. Kipimo cha damu cha kingamwili husema mtu amewahi kukutana na kichocho, na kando ya ziwa nani hajakutana nacho? Lakini kwa mtu wa Mombasa aliyekwenda Rusinga wiki moja akaogelea, kipimo hicho kina uzito mkubwa. Maji ya mgongo huonyesha chembe zilizozidi, wakati mwingine zile za mzio. Picha ya MRI huonyesha ncha ya ugwe imenenepa. Ukiviweka pamoja na dalili, na ukishaondoa kifua kikuu, saratani na vinginevyo, umefika. Matibabu ni dawa za steroidi za kutuliza uvimbe na prazikwanteli ya kuua minyoo, ile ile wanayomeza watoto wetu shuleni. Nimemwona mtu aliyeletwa kwa mkokoteni akarudi kliniki akitembea kwa fimbo. Nimewaona pia waliofika baada ya miezi miwili.

Steroidi zina haki ya kuogopwa kidogo. Ukimpa mtu mwenye kifua kikuu cha mgongo steroidi peke yake bila dawa za kifua kikuu, umemchochea moto. Ndiyo sababu daktari haruki kuzitoa bila kutafuta kwanza, na ndiyo sababu pia zile tembe ndogo nyeupe zinazouzwa madukani kwa "maumivu ya mgongo" hazifai. Zinatuliza mambo kwa siku chache na kuvuruga vipimo vyote vinavyofuata.

Upo ugonjwa mwingine ambao ningependa wanawake wa Pwani waujue kwa jina, kwa sababu huwapata wao zaidi sana kuliko wanaume, na watu wa asili ya Kiafrika huupata zaidi kuliko Wazungu na huwaumiza vibaya zaidi. Ni ugonjwa wa Devic, kwa jina la daktari Mfaransa aliyeueleza mwaka 1894. Kinga ya mwili inashambulia ugwe na neva za macho. Mwanamke anapoteza uwezo wa kuona jicho moja kwa siku chache, jicho likimuuma akilizungusha. Linapona nusu. Miezi au miaka inapita. Halafu miguu. Kila tukio linatibiwa na daktari wake: la jicho na daktari wa macho, la miguu na mwingine, na hakuna anayeyaunganisha kwa sababu mgonjwa hakuulizwa na yeye hakuona haja ya kusema. Dalili ya tatu ni ya ajabu zaidi: kwikwi na kutapika kusikokoma kwa siku nyingi, tumbo likipimwa ni zima. Sehemu ya ubongo inayoamuru kutapika ndiyo iliyovimba.

Kwa karne nzima ugonjwa huu ulidhaniwa kuwa tawi la maltipo sklerosisi, ule ugonjwa unaowapata zaidi watu wa nchi za baridi na ambao huku karibu na ikweta ni nadra. Mwaka 2004 Vanda Lennon na wenzake wa Mayo Clinic, Marekani, walitangaza kingamwili iliyo kwenye damu ya wagonjwa wa Devic na ambayo haipo kwa wale wengine. Tangu hapo kuna kipimo cha damu. Hii si habari ya wasomi tu: baadhi ya dawa za maltipo sklerosisi, kama beta interferoni, zinaweza kumzidishia mgonjwa wa Devic. Na tofauti na kichocho, huu hurudi. Shambulio moja hutibiwa kwa steroidi za mshipani kwa siku tatu hadi tano, na zisipotosha damu husafishwa kwa mashine. Baada ya hapo mgonjwa anahitaji dawa ya kila siku au ya kila miezi kadhaa ya kuituliza kinga, na azathioprini ni miongoni mwa zile za bei inayofikika. Shambulio linaloachwa huacha kilema, na kila moja huongeza juu ya lililotangulia. Kwenye MRI kuna alama yake: uvimbe mrefu, unaopita urefu wa pingili tatu za mgongo au zaidi, wakati wa maltipo sklerosisi huwa mfupi.

Mashine ya MRI haipatikani kila mahali. Kwa mtu wa Migori mjini au Mbita, picha hiyo mara nyingi ina maana ya safari ya kwenda Kisumu, Eldoret au Nairobi, na kwa mtu wa Lamu ina maana ya Mombasa. Damu ya kipimo cha Devic huchukuliwa na maabara kubwa na kusafirishwa mbali, majibu yakachukua muda. Shambulio haliwezi kusubiri majibu hayo. Damu ichukuliwe kwanza, matibabu yaanze, majibu yatakuta mgonjwa ameshatibiwa na yatasaidia kuamua dawa za muda mrefu. Kuhusu gharama, tangu Oktoba 2024 SHA ndiyo iliyochukua nafasi ya NHIF, na mambo ya picha na rufaa huulizwa pale pale kwenye meza yao hospitalini kabla ya gari kuondoka, maana idhini ikitafutwa baadaye ni mzunguko mwingine.

Yapo pia ya ubongo wenyewe yasiyokuwa na mdudu. Mwaka 2007 Josep Dalmau na wenzake walieleza ugonjwa unaowapata zaidi wasichana na wanawake vijana. Anaanza kwa kukosa usingizi na hofu, anasema na wasioonekana, anapiga kelele, kisha anakakamaa, mdomo unachezacheza wenyewe, anapata kifafa. Wengine wana uvimbe mdogo kwenye kifuko cha mayai, na mwili katika kuupiga vita uvimbe huo umeupiga ubongo pia. Ukiondolewa uvimbe na ukitulizwa mwili, wengi wao hurudi, wakamaliza masomo na kuolewa. Nikiwaza ni wangapi kati yao wamefungwa kamba vibandani, kutoka Karungu hadi kwetu Msambweni, kwa jina la pepo, nashindwa kuendelea. Alama ya kukamata ni hii: msichana aliyekuwa mzima kabisa, akachanganyikiwa ndani ya siku au wiki, pamoja na kifafa, homa au kuchezacheza kwa mdomo na mikono. Huyo aende hospitali ya mwili kabla ya ile ya akili.

Kwa watoto, kuvimba kwa ubongo na ugwe kunaweza kufuata wiki moja au tatu baada ya surua, mafua au homa nyingine. Mtoto alikuwa amepona, akarudi kulala usingizi usio wa kawaida na kuyumba. Wengi hupona vizuri kwa steroidi, mradi mtu akumbuke kueleza ile homa ya mwezi uliopita.

Kabla ya kumpandisha mgonjwa garini, mkojo ukiwa umekwama, atiwe mpira kituoni hapo hapo. Kibofu kilichojaa siku mbili huharibu figo, na safari ya Mbita hadi Kisumu si fupi. Njiani na wodini ageuzwe kila baada ya saa mbili, kwani ngozi isiyosikia maumivu hufanya vidonda mgongoni kwa siku chache tu, na nimeona watu ambao ugwe wao ulikuwa unapona wakiuawa na vidonda. Mazoezi ya miguu yaanze akiwa kitandani. Mwanamume aulizwe kwa faragha kuhusu nguvu zake, naye asione haya kujibu, kwa kuwa jibu hilo linaonyesha ugwe umeguswa wapi na huwa linarudi polepole kuliko miguu.

Na karatasi. Barua ya rufaa, majibu ya maji ya mgongo, sidii ya MRI pamoja na ripoti yake, na tarehe ya kila tukio, hata lile la jicho la mwaka juzi. Viwekwe kwenye bahasha moja nyumbani na mtu mwingine ajue ilipo. Mgonjwa wa Devic akishikwa tena usiku, daktari wa zamu asiyemjua ataanza matibabu saa hiyo hiyo akiiona bahasha. Asipoiona, ataanza na kipimo cha malaria.